Sinki la plastiki lenye kifuniko kwenye choo cha wapangaji: tathmini baada ya msimu mmoja wa mvua

Nyumba ninayopanga Mangamba, pembezoni mwa mji wa Mtwara, ina vyumba sita na choo kimoja cha shimo, ambacho pia ndicho bafu letu. Kwa miaka mingi tundu lake lilikuwa wazi, na ilipofika magharibi mbu walitoka humo kwa wingi hata watoto wakakataa kuingia bila mtu mzima. Mwezi Novemba mwenye nyumba alituridhia tuweke sinki la plastiki lenye kifuniko kinachojifunga chenyewe, kwa makubaliano kwamba sisi tutangulize fedha na yeye atukatie kwenye kodi.

Utaratibu wake ni rahisi. Chini ya sinki pana kifuniko kilichoning'inizwa kwenye bawaba, chenye uzito kidogo upande wa nyuma. Maji yakimwagwa, kifuniko huelemewa na kufunguka, uchafu ukatumbukia, kisha ule uzito wa nyuma ukakirudisha mahali pake, na maji machache hubaki juu yake yakaziba mwanya uliosalia. Kopo moja lisilofika lita linatosha, na kwa kuwa watu wa pwani tunaingia chooni na maji hata hivyo, hakuna aliyelazimika kujifunza desturi mpya.

Harufu ilipungua tangu wiki ya kwanza. Kilichonifurahisha zaidi ni mbu, kwa sababu wanaozaliana kwenye mashimo yenye maji machafu ni kuleksi, ambao hueneza matende na mabusha, maradhi ambayo mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji kusimuliwa. Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 mashimo ya vyoo yalimwagiwa punje za polistirini, aina ya plastiki nyepesi inayoelea, ili viluwiluwi vikose pumzi, na mbu wakapungua sana. Sinki hili haliwaui viluwiluwi, bali linawafungia njia, na kwa hiyo nyufa za sakafu lazima zizibwe na bomba la hewa lifungwe wavu juu. Sisi tulisahau wavu, na kwa wiki tatu mbu wakawa wanatokea bombani.

Udhaifu wake unaonekana pale choo kinapokuwa cha watu wengi. Chembe za mchanga, ambao kwetu uko kila mahali, hunasa kwenye ukingo na kukizuia kifuniko kisifunge vizuri. Gunzi, kitambaa au pedi vikitupwa humo huziba kabisa, na katika nyumba ya kaya sita kila mmoja husema si yeye. Mara mbili tulilazimika kukwamua kwa fimbo. Tatizo hilo liliisha tulipoweka ndoo ya taka yenye mfuniko, pipa la maji mlangoni na zamu ya usafi inayozunguka chumba kwa chumba, ambapo mwenye zamu ndiye anayejaza maji. Siku pipa likiwa tupu, sinki hili huwa baya kuliko tundu la zamani, kwa sababu kinyesi hubaki juu mbele ya macho ya anayefuata.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF huweka choo kinachotumiwa na zaidi ya kaya moja katika daraja la chini, hata kikiwa kimejengwa vizuri. Naelewa sababu yake, kwani kushirikiana hudhoofisha usafi, lakini kiwanja chetu hakina nafasi ya mashimo sita, na mpangaji wa chumba kimoja hawezi kusubiri mpaka apate choo chake peke yake.

Jambo moja linanitia wasiwasi bado. Maji ya kuogea yanaingia shimo hilohilo, nayo ardhi yetu ya kichanga huyapitisha upesi na hubomoka kwa urahisi, hivyo shimo lisilojengewa kuta halifai kuongezewa maji, hasa kama kuna kisima jirani. Tumeanza kuchimba karo la pembeni kwa ajili ya maji ya bafu.

Nalipendekeza sinki hili kwa nyumba yoyote ya kupanga yenye maji ya uhakika na slabu imara. Saruji na ufundi vilitugharimu kuliko sinki lenyewe, basi simama na fundi wako mpaka mwisho, na kabla zege halijakauka mwaga kopo la maji utazame kama kifuniko kinarudi, maana kifuniko chetu kilinaswa na saruji tukalazimika kulibandua sinki na kuanza upya.