Mikoko ya Rufiji na Matumbawe ya Mafia

Katika delta ya Rufiji, mikoko huota kwenye tope la chumvi lenye hewa haba. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, huchomoza mizizi ya kupumulia, nao kaa hula majani yaliyoanguka, hivyo sehemu kubwa ya chakula cha jamii hiyo hutokana na uozo. Matumbawe ya kisiwa cha Mafia, ng'ambo kidogo tu, hutaka kinyume chake, yaani maji maangavu yenye mwanga, kwa kuwa mwani mdogo mno unaoishi ndani ya tumbawe ndio unaolilisha. Kwa wingi wa aina za samaki, matumbawe hushinda bila ubishi. Kwa ustahimilivu wa joto ningechagua mikoko, kwani joto la bahari la mwaka 1998 lilipausha matumbawe mengi ya pwani yetu.