Methadoni na kifafa: uzoefu wetu Kidongo Chekundu

Mdogo wangu anakunywa methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini, katika hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, na mara nyingi mimi ndiye ninayemsindikiza. Huduma ile ilianza pale mwaka 2015, miaka minne baada ya Muhimbili, nayo ni bure. Anafika dirishani, anapewa dozi yake, anaimeza mbele ya mhudumu, basi. Bi mkubwa alisema huko ni kuacha ulevi mmoja kushika mwengine. Lakini aliyekuwa hainuki kitandani bila ya unga (heroini) sasa ndiye anayefungua duka la baba, na chenji hairudi pungufu.

Ninachotaka hasa kueleza ni habari ya kifafa, maana anacho tokea utotoni. Tulipita kwenye kombe (aya za Kurani zinazoandikwa, zikaoshwa na kunywewa), tukapita kwa waganga (simlaumu mtu, ndivyo tulivyolelewa). Baadaye zahanati moja ya mtaani ikamuandikia kabamazepini, dawa ya kifafa, bila ya kumuuliza anatumia dawa gani nyengine. Kuanguka kukapungua kweli. Wiki chache mbele, arosto, ile hali ya mwili kudai unga: jasho, miayo, mifupa inamuuma, usiku halali. Mtaani wakanong'ona kuwa amerudi maskani kwenye unga.

Daktari wa methadoni hakumgombeza. Alitaka aletewe kila anachomeza, hata za kienyeji, akazitandaza mezani. Akasema kabamazepini inalihimiza ini kuivunja methadoni upesi, kwa hiyo dozi iliyokuwa ikimfikisha kesho yake inamwishia njiani. Fenobabitoni, nayo ya kifafa, ni hivyo hivyo, na rifampisini ya kifua kikuu pia. Hata hivyo hakuikata kabamazepini siku ile, kwani dawa ya kifafa ikiachwa ghafla mtu anaweza kushikwa na kifafa kisichokatika. Alimuanzishia valproeti, dawa ya kifafa isiyolihimiza ini hivyo, kabamazepini akaipunguza kidogo kidogo, na muda wote huo akatuambia tumtazame asisinzie kupita kiasi, maana kabamazepini ikitoka methadoni hupanda mwilini. Kwa hilo tu, mimi nawapa alama zote. Na nyinyi mkienda, bebeni vidonge vyote na makopo yake, msitegemee kukumbuka majina.

Tabu ya methadoni yenyewe ipo. Choo kinakuwa kigumu, mapapai hayakosekani nyumbani. Halafu ni kwenda kila siku, hata sikukuu. Fundi mmoja alimchukua kazi ya ujenzi Nungwi, huko kaskazini mwa Unguja, kwa sharti la kulala huko, ikabidi aiwache. Sasa anatafuta kibarua cha mjini.