TAHADHARI: Tapeli wa mishale ya zamani ya Nerf (ile ya sponji ya kuchezea), yuko Cincinnati

Jamani, yule jamaa wa Cincinnati anayetangaza "mishale halisi ya 1991" ni mwizi. Msimtumie hata senti. Kanila dola 160 na naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira.

Upinde wangu wa Nerf mnaujua, na mnajua nilivyouhangaikia mishale. Huyu bwana akanipigia mwenyewe kwa video, wala sikumwomba. Akatoa boksi lenye nembo ya Kenner, kampuni iliyotengeneza Nerf za wakati ule, limefifia upande mmoja kama lililokaa dirishani miaka na miaka. Akachomoa mshale, akaubonyeza kwa kidole gumba mbele ya kamera: sponji ikabaki imebonyea, ikarudi polepole, na unga wa njano ukadondoka mezani. Nikasema hii ndiyo yenyewe! Sponji ya umri ule ndivyo inavyokuwa, joto na unyevu vimeshaila, inamomonyoka. Akasema mjomba wake alifanya kazi Kenner, na Kenner kweli ilikuwa Cincinnati mpaka Hasbro, kampuni iliyokuwa inaimiliki, walipofunga ofisi zile mwaka 2000. Mtu anakueleza mambo unayojua ni ya kweli, utamkatalia nini? Akafunga mzigo nikiangalia, akauzungushia utepe wa kahawia, akaandika anwani yangu kwa kalamu nene. Hadi mwanangu akamsalimia.

Mzigo umefika una utepe mweupe. Ndani kuna sponji ya kuvalisha mabomba ya maji, imekatwa kwa kisu na kupuliziwa rangi. Rangi yenyewe haijakauka, imenishika vidoleni, sebule nzima inanuka. Mapezi ya nyuma yamebandikwa kwa gundi ya moto, nyuzi zake bado zinaning'inia. Nimejaribu kuuvalisha mmoja kwenye upinde, haukai, tundu limekwenda kombo. Na inadunda! Mshale wa 1991 unadundaje kama mpira ulionunuliwa dukani jana? Shemeji nilikuwa nimemwita aje ashuhudie nikifungua. Kasimama pale, kaangalia, kaondoka bila neno. Aibu ile simsamehi mtu.

Nikamwandikia. Akasoma, akaniblock.

Benki nao wamenigomea, kwa sababu alisisitiza nitume kama namtumia ndugu, eti tusikatwe ada. Basi ukiambiwa hivyo, kimbia. Na picha zake, zitazameni vizuri: kila tangazo ni mshale uleule mmoja, umegeuzwa tu. Mengine nitaandika nikitulia.

Ninachotaka sasa ni huyu mtu akamatwe. Atolewe kwenye magrupu yote leo, na wanaomtetea eti "labda mzigo ulibadilishwa njiani" watoke naye. Alituma kwa posta, na utapeli kwa njia ya posta hapa Marekani ni kosa la shirikisho, kifungo chake kinafika miaka 20. Nimeshapeleka malalamiko kwa wakaguzi wa posta na kwenye kituo cha FBI cha uhalifu wa mtandaoni, pamoja na picha za boksi, utepe na risiti. Wewe uliyewahi kuuziwa naye na ukanyamaza, njoo inbox na risiti zako. Malalamiko ya mtu mmoja wanayaweka kando, tukiwa wengi watamfuata. Na fanyeni haraka, maana asubuhi hii kaweka tangazo la risasi za Sharpshooter ya 1992, bunduki ya Nerf ya kuchezea, na tayari kuna watu wanauliza bei.