Seti ya katapulti ya plaiwudi kwa mradi wa fizikia: mbao nzuri, maelekezo mabovu

Seti hii ya kuunda katapulti, yaani mtambo mdogo wa kurushia mpira, imejaa kwenye maduka ya mtandaoni, mara nyingi bila jina la mtengenezaji kwenye boksi. Ndani kuna vipande vya plaiwudi ya milimita 3 vilivyokatwa kwa leza, ekseli ya mbao, rababendi nne, kikombe cha plastiki, gundi nyeupe na mpira wa tenisi ya mezani. Kurusha inarusha vizuri. Shida inaanza mwanafunzi anapotaka kupima, na mradi wa fizikia bila vipimo ni mchezo tu.

Vipande vinatoka kwa kusukumwa na kidole, ila kuna vinavyobaki vimeshikwa na nyuzi za mbao. Hizo zikate kwa wembe. Ukivuta, tabaka la juu linabanduka. Kingo zilizoungua zipige msasa kwanza, maana gundi haishiki juu ya masizi. Karatasi ya maelekezo inasema subiri saa moja. Gundi ya aina hii hushika ndani ya nusu saa, lakini nguvu yake kamili huja baada ya saa 24, na mwenye haraka ataona nguzo zinacheza na kila mrusho unatoka na pembe yake. Gundi ikiwa bado mbichi, ingiza ekseli uzungushe mkono wa katapulti. Ukikwama, nguzo haziko sambamba, zinyooshe hapo hapo. Mkono unatakiwa uanguke wenyewe kwa uzito wake. Ekseli inayobana isugue kwa msasa, kisha ipake nta ya mshumaa, si mafuta, kwa kuwa mafuta yananasa vumbi.

Kosa kubwa la seti liko kwenye mashimo matatu ya kijiti cha kizuio, yaliyoandikwa 45, 60 na 90. Hizo ni pembe za mkono kutoka usawa wa meza pale unapogonga kizuio. Mpira hauondoki kwa kufuata mkono. Unaondoka kwa pembemraba na mkono. Kwa hiyo shimo la 60 linarusha kwa nyuzi 30, na shimo la 90 linarusha mlalo kabisa. La 45 linapatia kwa bahati tu. Mwanafunzi anayeandika nyuzi 60 kwenye jedwali lake atapata grafu isiyoelezeka, na maelekezo hayatamsaidia.

Ajabu ni kwamba shimo la 90, ambalo maelekezo yanaliita dhaifu, ndilo lenye thamani kuliko yote. Weka katapulti ukingoni mwa meza, rusha mlalo, pima kimo kutoka kikombe hadi sakafuni. Kwa kimo cha sentimita 80, mpira unaanguka kwa takriban sekunde 0.40, haijalishi umerushwa kwa kasi gani. Ukitua mita 2 mbele, kasi yake ilikuwa kama mita 5 kwa sekunde. Umeipata kwa rula, bila saa. Saa ya kubonyeza haifai hapa: kuchelewa kwa kidole peke yake ni karibu sekunde 0.2. Umbali upime kutoka chini ya kikombe kinapogota, si kutoka mbele ya kitako. Alama ya kutua ipate kwa karatasi ya kaboni juu ya karatasi nyeupe, au kwa unga kwenye sinia.

Mpira wa tenisi ya mezani uweke kando. Una gramu 2.7 tu, na kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde ukinzani wa hewa unakaribia theluthi moja ya uzito wake. Hesabu ya darasani haitakubaliana nao hata ufanye nini. Gololi ya kioo ya milimita 16, yenye gramu kama 5, inapunguza athari hiyo hadi asilimia chache. Usitegemee, hata hivyo, kwamba kitu chenye nusu ya uzito kitafika mara mbili. Sehemu kubwa ya nishati ya rababendi inaishia kuusukuma mkono wenyewe, ambao ni mzito kuliko unachorusha. Gololi inaumiza, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima na asisimame mtu mbele.

Rababendi za seti ni hafifu na zinachoka. Rababendi ikivutwa na kuachiwa hairudishi nishati yote, nyingine inakuwa joto, na ikiachwa imevutwa usiku kucha inalegea. Vuta mara kadhaa kabla ya kuanza kuandika vipimo, na katikati ya majaribio usibadilishe rababendi. Kifyatulio cha pini nacho kinausukuma mkono pembeni. Afadhali ufunge mkono kwa uzi wa kushonea, kisha uukate kwa mkasi. Kitako kibane kwa klempu, kwani kikiruka nyuma kinakula sehemu ya nishati.

Kwa shule yenye bajeti ndogo, vijiti vya aiskrimu vinatosha kufundishia sehemu za wenzo, yaani egemeo, mzigo na jitihada: saba vilivyofungwa pamoja, viwili vilivyobanwa upande mmoja na kutanuliwa na lile fungu, kizibo cha soda kimebandikwa kwenye ncha. Havina kizuio, hivyo pembe haidhibitiki. Hapo ndipo seti inapostahili bei yake, mradi ununue rababendi nyingine na kubandika protrakta ya plastiki kwenye nguzo, katikati yake ikae juu ya ekseli.