Masomo ya simu wakati wa korona, shule moja ya binafsi Malindi: nyota 2 kati ya 5

Serikali ilipofunga shule Machi 2020 mwanangu alikuwa darasa la 5, kwa hivyo alisoma kwa Zoom na WhatsApp mpaka Januari 2021, karo tulipunguziwa kidogo tu na bando juu yetu. Mwalimu simlaumu jamani, alikuwa akifundisha kwake nyumbani na mtoto mgongoni, stima ikipotea anatuma voisi, na usiku bado ajibu wazazi. Shida ni ofisi. Picha za hesabu zaja zimefifia huoni hata namba, mzazi akiuliza kwa grupu aambiwa "simamieni watoto wenu", wengine wakapandisha hasira wakatolewa, na anayetukanwa ni mwalimu ambaye mshahara wenyewe alikuwa apewa nusu. Hiyo si haki kabisa!! Majirani zangu Maweni wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, walitegemea vipindi vya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, kwenye redio ya KBC na watoto walielewa vizuri tu. Mkitaka kumpeleka mtoto hapo ulizeni kwanza, shule zikifungwa tena karo itakuwa ngapi na maswali ya wazazi atajibu nani.