Mifumo ya maombi ya kazi mtandaoni: nyota mbili kati ya tano

Kwa msanidi programu wa lugha moja, fomu hizi zinatosha. Kwa mwenye miaka 15 ya kushika seva, hifadhidata, wavuti na programu za simu, ni usumbufu mtupu.

Unapakia wasifu wa PDF, kisha unadaiwa kujaza yaleyale kisanduku kwa kisanduku. Wasifu wenye safu mbili au jedwali mara nyingi husomwa ovyo: tarehe zinaangukia kwa mwajiri asiye wake. Tumia safu moja, kisha nakili maandishi yote uyabandike kwenye faili ya maandishi matupu, isiyo na mpangilio. Yakivurugika hapo, tarajia mfumo nao uyavuruge.

Kero kubwa ni swali la "miaka mingapi ya React?" (zana ya kujengea kurasa za wavuti). Kisanduku hupokea namba tu, na ikipungua kiwango, ombi laweza kuchujwa kabla halijasomwa na mtu. Aliyetumia Angular na Vue, zana za kazi hiyohiyo, miaka 6 hana pa kujieleza. Usidanganye, ila hesabu kila mradi, hata wa pembeni. Andaa matoleo mawili au matatu ya wasifu, kila moja likitanguliza upande mmoja wa kazi yako.

Barua ya maombi? Iruke, isipokuwa wameilazimisha.