Bampa ya nyuma yenye mkono wa spea: anza kukagua kwenye bawaba

Bampa ya chuma yenye mkono wa kubebea tairi la spea ina mahali pake: gari la 4x4 lililovalishwa matairi makubwa hadi spea haiingii tena chini ya sakafu, au gari ambalo mlango wake wa nyuma umeelemewa. Kwa gari lenye matairi ya saizi ya kiwandani, na spea inayokaa vizuri chini ya buti, bampa hii ni kilo nyingi za kubeba bure, na ushauri ni kutoinunua. Kwa anayeihitaji kweli, ubora wake hauko kwenye umbo wala kwenye taa za urembo. Uko kwenye viungo vitatu: spindeli ambayo mkono unazungukia, komeo linaloufunga mkono huo, na mabano yanayoishikiza bampa kwenye chesisi.

Tairi la inchi 35 pamoja na rimu yake lina uzito wa kilo 40 hadi 45, na rimu ya chuma huweza kuzidisha. Mlango wa nyuma wa Jeep Wrangler JK ulitengenezwa kubeba tairi dogo la kiwandani. Ukiufungia la inchi 35, bawaba hulegea taratibu, mlango unashuka milimita chache, na komeo lake linaanza kugonga kwenye kila tuta. Shida ya Toyota Land Cruiser 80 ni nyingine: spea yake inakaa chini ya sakafu ya nyuma, na tairi pana halienei pale. Kwa Wrangler, bampa inaondoa mzigo mlangoni. Kwa Land Cruiser inatoa spea chini na kuiweka nyuma, juu zaidi na mbali zaidi na ekseli, jambo lenye gharama zake. Kama tatizo ni tairi lililozidi la kiwandani kwa kiasi kidogo tu, bawaba zilizoimarishwa za mlangoni hutosha, na zina raha moja ambayo mkono wa bampa hauna: unafungua mlango kwa tendo moja badala ya mawili.

Tuje kwenye spindeli, maana hapa ndipo bampa nyingi zinapofeli. Chukua tairi la kilo 45 ambalo kitovu chake kiko sentimita 90 kutoka kwenye spindeli. Mkono ukiwa wazi, spindeli inapokea mkunjo wa karibu nyutani mita 400 (kipimo cha nguvu ya kukunja au kuzungusha) hata gari likiwa limesimama. Ikiwa beringi ya juu na ya chini zimeachana kwa milimita 120, kila moja inasukumwa pembeni kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo zaidi ya 330. Sasa fikiria uchezaji, yaani ulegevu, wa nusu milimita tu kati ya beringi hizo: kwenye kitovu cha tairi unakuwa karibu milimita 4, na kwenye ncha ya mkono, pale penye komeo, unazidi hapo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji si unene wa bampa. Ni urefu wa spindeli kutoka beringi hadi beringi. Chini ya milimita 100 kwa tairi la inchi 35 ni ufupi wa kutilia shaka.

Swali la pili ni jinsi spindeli ilivyoingia kwenye bampa. Ile iliyosimamishwa juu ya bamba la milimita 4 na kuchomelewa kwa kuzunguka tu italitikisa bamba hilo mpaka lipasuke. Iliyo sahihi inapenya bamba la juu, inashuka hadi bamba la chini, na inachomelewa kote kuwili. Ingiza mkono wako chini ya bampa upapase. Ukikuta chini ni wazi, hakuna kitako cha spindeli, iache dukani.

Wengi huamini kuwa beringi za koni, za aina ya haba (kitovu cha gurudumu) ya trela, ni bora kuliko bushi, yaani bomba fupi lisilo na roli ambamo spindeli inazunguka, kila mara. Si kweli kabisa. Beringi ya haba imezoea kuzunguka, lakini ya mkono wa spea inakaa sehemu ileile kwa siku nyingi huku barabara mbovu ikiipigapiga. Roli zake zinachimba vijishimo kwenye njia yake, na baada ya muda ukifungua mkono unasikia kama unavuka kijituta pale unapoanzia. Bushi ndefu ya shaba yenye chuchu ya grisi haina kasoro hiyo, ingawa inalika polepole na inadai grisi mara kwa mara. Spindeli ndefu yenye bushi nzuri inashinda spindeli fupi yenye beringi, bila ubishi.

Kama ni beringi, zijaze grisi kwa mkono hadi itokeze upande wa pili wa roli, kisha kaza nati huku ukizungusha mkono wa spea kwenda na kurudi mpaka uzito uanze kuhisika. Usirudishe nati nyuma kama ufanyavyo kwenye haba ya gurudumu. Pale unaacha nafasi kwa ajili ya joto la mwendo, hapa hakuna mwendo wala joto, na nafasi yoyote utakayoacha itakurudia kama kelele.

Komeo. Kazi yake ni kuvuta na kubana, si kubeba. Mkono unapofungwa lazima upande juu ya kikalio chenye mteremko mdogo, kiunyanyue milimita 2 au 3, ili uzito wa tairi ugawanyike kati ya spindeli na kikalio hicho. Bampa isiyo na kikalio inaliachia komeo mzigo wote, nalo litachakaa hata liwe zuri namna gani. Kipimo ni rahisi: funga mkono, kisha shika tairi kwa juu ulivute na kulisukuma kwa nguvu zako zote. Gari lote litikisike kwenye springi zake, lakini mkono usitikisike peke yake. Komeo la kukunja, lile linalovuka nukta ya katikati na kujibana lenyewe, ndilo linalofaa, mradi liwe na skrubu ya kurekebishia na pini ya pili ya usalama. Ukilifunga kwa kidole kimoja limelegea. Ukilazimika kulikanyaga kwa mguu limebana kupita kiasi, na litakunja ulimi wake.

Upande wa kufungulia nao una mambo yake. Gari likiwa limeinama kwenye mteremko, mkono wenye kilo 45 unajifunga wenyewe kwa kishindo, na anayekuwa katikati ni mtu anayepakua mizigo. Stuti ya gesi, yaani fimbo ya gesi inayousukuma mkono ubaki wazi, peke yake haitoshi kwa sababu inapoteza nguvu kadiri inavyozeeka. Tafuta bampa ambayo mkono ukifika mwisho, pini inaanguka yenyewe na kuukamata. Kukosekana kwa pini hiyo ni sababu tosha ya kukataa bampa ambayo kila kitu kingine kiko sawa.

Kwenye ufungaji, kazi ya siku moja kwa watu wawili, matatizo huanzia kwenye bolti za zamani. Zipulizie mafuta ya kulegezea kutu siku moja kabla. Tenganisha nguzo hasi ya betri, chomoa soketi za taa na sensa, ndipo uondoe bampa ya plastiki na boriti iliyo nyuma yake. Safisha ncha za chesisi kwa brashi ya waya hadi uone chuma, maana kutu iliyobanwa chini ya bano ni nafasi itakayofunguka baadaye. Bampa tupu, bila mkono, ina kilo 50 hadi 70, hivyo ipandishe kwa jeki yenye ubao juu yake. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, zote, kabla ya spana kugusa yoyote. Kisha pima nafasi kati ya bampa na bodi kulia na kushoto. Acha milimita 10 hadi 15. Bodi ya gari lenye chesisi inakaa juu ya mpira na inasogea, na bampa iliyobana sana itakwangua rangi kwenye pembe siku ya kwanza ya makorongo. Bomba la ekzosi liachiwe sentimita 4 au 5. Likikaribia zaidi ya hapo linaunguza rangi na kuyeyusha waya zilizopita ndani ya bampa.

Bolti ziwe za daraja la nguvu 8.8 au 10.9, na namba hiyo iko kichwani mwa bolti. Kama mtengenezaji hakutoa kipimo, M12 (bolti ya kipenyo cha milimita 12) ya 8.8 yenye uzi wa kawaida hukazwa kwa nyutani mita 80 hivi, na ya 10.9 kwa 115 hivi. Panapotakiwa tundu jipya, litobolewe kwenye ubavu wa chesisi. Ukingo wa juu na wa chini ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mkunjo, usiiguse. Chesisi ya umbo la boksi inadai kijibomba cha ndani kati ya kuta mbili, la sivyo kukaza bolti kutazikunja kuta hizo na bolti haitashika mkazo milele. Paka rangi yenye zinki ndani ya kila tundu kabla bolti haijaingia. Na yule fundi anayesema mabano yachomelewe tu kwenye chesisi yaishe, akataliwe kwa upole.

Mkono ukishakaa, funga tairi lenyewe. Matundu ya rimu lazima yalingane na bamba la kubebea (idadi ya matundu, kisha kipenyo cha duara lao kwa milimita): 6x139.7 kwa Land Cruiser 80 na Hilux nyingi za 4x4, 5x150 kwa Land Cruiser 100, 5x127 kwa Wrangler JK. Rekebisha kina ili tairi libaki kama sentimita 2 kutoka kwenye mlango, au lilalie vipira vya kuzuia mtikisiko kama bampa inavyo. Hakikisha mlango unafunguka kikamilifu mkono ukiwa wazi. Kuna bampa ambazo mkono wake unaishia kwenye nyuzi 80, na mlango unaugonga.

Umeme unadharauliwa sana. Tairi jipya linaweza kuziba kamera ya nyuma, kibao cha namba na taa ya tatu ya breki, ambayo kwenye Wrangler JK husimama juu ya kishikio cha spea. Waya wa taa hiyo upite karibu na spindeli, ukiwa na kitanzi cha kutosha na ganda la mpira, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ambapo hautavutwa mkono ukifunguka. Sensa za kuegeshea zinahitaji mipira yake ndani ya tundu. Zikigusa chuma moja kwa moja, au zikielekea chini kidogo tu, zitalia bila kitu. Taa za LED zikifungwa mahali pa balbu, indiketa inaweza kuwaka kwa haraka mno, na dawa yake ni rizista (kizuizi cha umeme) au flasha (kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) inayofaa.

Nguvu za kuvutia gari lililokwama zisipimwe kwa macho. Sikio la kuvutia liwe limepenya bamba la bampa na kuchomelewa mbele na nyuma, sambamba na chesisi, si katikati ya bampa ambapo hakuna kinacholishikilia. Tundu lipokee shakeli (pingu ya chuma yenye pini) ya milimita 19, ile iliyoandikwa tani 4.75, ambayo pini yake ni milimita 22. Mpira wa chuma wa kuvutia trela si sikio la kuvutia gari, hata ukionekana mnene kiasi gani.

Halafu kuna uzito, na duka halikwambii. Kilo 100 zikining'inia mita 1.1 nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.8, zinaongeza kilo 139 kwenye ekseli ya nyuma na kupunguza kilo 39 mbele. Gari linainua pua, usukani unakuwa mwepesi, na taa za mbele zinamulika madereva wengine machoni. Ikiwa mkono wa pili unabeba dumu la lita 20 za maji, ongeza kilo 20 na ushee. Springi za nyuma zenye nguvu zaidi ziingizwe kwenye bajeti ya bampa tangu mwanzo, na taa za mbele zipangwe upya.

Rangi ya poda inapendeza, lakini ni nene, na chini ya vichwa vya bolti inaendelea kubonyea hadi mkazo unapotea. Ndiyo maana bolti zote zipitiwe tena kwa spana ya toki, ile inayopima mkazo, baada ya kilomita 100, kisha 500, kisha 1,000. Angalia pia matundu ya kutolea maji upande wa chini. Bampa isiyo nayo hujaa matope na kuoza kutoka ndani, nje ikiwa bado inang'aa. Na kila unapoiosha, pitisha kidole pale nguzo ya kubebea tairi inapokutana na mkono. Ufa huanzia mwisho wa mshono wa kuchomelea, na kabla haujaonekana kama ufa unaonekana kama unywele wa kutu uliopenya rangi. Ukiuona, teremsha tairi siku hiyohiyo.